Visu vya mfukoni ndani ya mzigo wa ndege: vinaruhusiwa wapi, na vifungwe vipi

"Salaam aleikum mwalimu. Mimi ni fundi wa mashua hapa Mtwapa, na mwezi ujao, inshallah, ninakwenda Manchester kukaa na dada yangu kwa wiki kadhaa. Nitaruka Mombasa hadi Nairobi kwa tiketi moja ya bei nafuu, kisha Nairobi hadi London kwa tiketi nyingine, na kumalizia kwa treni. Nina visu vitatu vya kukunja nilivyovizoea: kimoja kidogo chenye mkasi na tupa ya kucha, kimoja kikubwa chenye kufuli ambacho hukatia kamba, na koleo ya kukunja yenye kisu na tochi ndani yake. Mama naye anataka nimpelekee dada mbuzi ya kukunia nazi. Mwaka jana, katika safari ya ndani ya nchi, kisu changu kilichukuliwa kwenye ukaguzi na sikukiona tena. Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema visu haviingii kwenye ndege kabisa. Wa pili anasema makali yakiwa chini ya sentimita 6 naweza kukaa nacho mfukoni. Wa tatu anasema nivizungushie karatasi ya fedha ya jikoni ili mashine isivione, na wa nne anasema lazima viandikishwe kama bunduki. Nifuate la nani?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usifuate la yeyote kati ya hao wanne, ingawa wawili wao wana chembe ya ukweli. Kisu chako cha mwaka jana hakikuchukuliwa kwa kuwa ni kitu haramu. Kilichukuliwa kwa sababu kilikuwa mahali pasipo pake. Visu vyote vitatu, pamoja na mbuzi ya dada yako, vinaweza kusafiri ndani ya begi kubwa unalolikabidhi kaunta na kulipokea mwisho wa safari, na hakuna hata kimoja kinachopaswa kuwa kwenye begi la mkononi, mfukoni mwako au kwenye bimba la funguo. Lililobaki ni namna ya kuvifunga, na hapo ndipo wasafiri wengi hukosea, kwa sababu hulifikiria jicho la mashine na kumsahau binadamu ambaye huenda akaliingiza mkono begi hilo wao wakiwa hawapo.

Sheria hii ina mantiki moja tu, nayo ukiishika hutahitaji kukariri orodha ndefu za vitu vilivyokatazwa. Swali ambalo mamlaka hujiuliza si kama kitu kina makali, bali kama abiria anaweza kukifikia ndege ikiwa angani. Begi lililokabidhiwa husafiri tumboni mwa ndege, mahali ambapo abiria hawezi kufika mpaka ndege itue, kwa hiyo kisu kilicho ndani yake hakiwezi kumtishia mtu yeyote. Msingi wa utaratibu huu ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na Kiambatisho chake cha 17 kuhusu usalama, ambacho Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilikipitisha kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Kila nchi mwanachama, Kenya ikiwamo, huweka kanuni zake juu ya msingi huo, na ndiyo sababu mambo madogo madogo hutofautiana kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

Tofauti hizo ndizo zilizozaa habari ya sentimita 6 uliyoambiwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni inakataza kwenye kabati la abiria visu vyenye makali yanayozidi sentimita 6. Kanada iliulegeza mkono kwa kipimo hicho hicho mwezi wa Novemba 2017, ila si kwa ndege zinazokwenda Marekani. Marekani yenyewe ilitangaza Machi 2013 kwamba ingeruhusu visu vidogo vya kukunja, wahudumu wa ndege na wengine wakapinga kwa nguvu, na kufikia Juni mwaka huo huo mpango ukaondolewa kabla haujaanza kutumika. Kwa hiyo rafiki yako hakuzua. Amechukua kanuni ya mahali pengine akaihamishia Mombasa. Wewe utapita kwenye ukaguzi wa Mombasa na wa Nairobi, na mahali pote afisa aliye mbele yako ndiye mwenye kauli ya mwisho. Hakuna abiria aliyewahi kushinda hoja pale kwenye mkanda wa mashine kwa kutoa rula. Hata kile kidogo chenye mkasi kiweke kwenye begi kubwa.

Kuhusu kuandikisha, anayekwambia hivyo anachanganya kisu na silaha ya moto. Bunduki ina utaratibu wake wa leseni, matamko na makabidhiano, nayo si mada yetu hapa. Kisu cha kawaida cha kukunja hakidai fomu. Hata hivyo ujue kwamba katika viwanja vyetu mizigo yote, mikubwa kwa midogo, hupitishwa kwenye mashine mlangoni mwa jengo kabla hujaifikia kaunta, na hapo afisa anaweza kukiona kisu na kukuuliza, maana yeye hajui begi lipi litakabidhiwa na lipi litakwenda nawe juu. Mjibu kwa utulivu na kwa ukamilifu: kwamba ni visu vya kazi, vimefungwa, viko kwenye begi linalokabidhiwa, na kwamba uko tayari kuvionyesha. Usifanye mzaha wa aina yoyote, hata kama foleni imekuchosha.

Sasa nije kwenye karatasi ya fedha, kwa sababu ushauri huo una madhara kuliko mingine yote. Mashine za ukaguzi hutumia miali ya eksirei ya viwango viwili vya nguvu, na kwa kulinganisha jinsi kila kiwango kinavyopenya, kompyuta hukadiria aina ya kitu na kukipaka rangi kwenye skrini. Vitu vyenye asili ya uhai, kama vyakula, nguo, karatasi na sabuni, huonekana kwa rangi ya machungwa. Metali nzito kama chuma huonekana buluu. Vilivyo katikati au vilivyochanganyika huwa kijani. Karatasi ya alumini ya jikoni ni nyembamba mno, na alumini yenyewe ni metali nyepesi, kwa hiyo miali huipita kwa urahisi. Kisu kitaonekana vile vile, mpini, springi na makali yake, ila sasa kitaonekana kimezungushiwa kitu kwa makusudi, na mkaguzi aliyefunzwa atajiuliza ni kwa nini mtu ahangaike kuficha kitu ambacho kinaruhusiwa. Ukizidisha matabaka mpaka pawe na giza kwenye picha, ndipo begi litakapofunguliwa bila shaka, kwa sababu kisichopenyeka ndicho kinacholazimisha kuangaliwa kwa macho.

Unachotaka wewe ni kinyume chake kabisa: picha iliyo wazi. Visu vilale bapa, vyote mahali pamoja, mbali na vitu vingine vinavyotia shaka. Nalisema hili hasa kwa watu wa Pwani, kwa sababu najua mabegi yetu ya kwenda kwa jamaa ughaibuni yanavyojazwa. Halwa, tende zilizoshindiliwa, sabuni za mche na vyakula vingine vizito vyenye unyevu hutoa kwenye skrini kivuli kizito cha rangi ya machungwa kinachofanana na kile ambacho mashine za mizigo zimewekwa kukitafuta, yaani vilipuzi. Halwa si kosa, lakini ukiweka kopo la halwa, juu yake nyaya za chaja zilizojiviringisha, na kando yake koleo la chuma, umetengeneza picha ambayo hakuna mkaguzi makini atakayeiachia ipite. Halwa ikae upande mmoja wa begi, visu upande wa pili, nyaya zihamie begi la mkononi.

Begi likifunguliwa, litafunguliwa wewe ukiwa umeshapita au uko njiani kuelekea Nairobi. Mkaguzi hamwagi vitu mezani. Huinua kifuniko, halafu huteremsha vidole vilivyonyooka pembeni, kati ya nguo na ubavu wa begi, akipapasa kuelekea pale alipokiona kivuli kwenye skrini. Katika sekunde hizo vidole vyake havioni, na glavu aliyovaa ni ya mpira mwembamba isiyozuia hata sindano. Kila ninalolisema kuanzia hapa linahusu mkono huo, pamoja na mikono ya wapagazi wanaolishika begi kwa chini na kulirusha juu ya mkokoteni. Ncha iliyotoboa begi laini la kitambaa humpata mpagazi kiganjani au pajani, naye hana habari kwamba ndani kuna kisu.

Wengi huniambia, "Changu kina kufuli, hakiwezi kufunguka." Hapa pana dhana potofu inayostahili kusahihishwa kwa uangalifu. Kufuli la kisu cha kukunja halikusudiwi kukizuia kufunguka; limewekwa kuyazuia makali yasijikunje juu ya vidole vyako ukiwa unakata. Kinachoyashikilia makali yakiwa ndani ya mpini ni kitu kidogo zaidi: katika visu vya kizamani ni springi ya mgongoni inayoukandamiza mzizi wa makali, na katika visu vingi vya kisasa ni kigololi kidogo kinachokaa kwenye kitobo chake. Nguvu hiyo ni ndogo kwa makusudi, ili uweze kukifungua kwa kidole gumba. Begi nalo hudondoshwa, hubanwa chini ya mabegi mengine na kutikiswa na injini kwa saa nyingi. Skrubu ya bawaba hulegea, kijinundu cha kufungulia hukwama kwenye uzi wa sweta, na makali hutoka nusu. Kisu kisicho na kufuli kikifunguka hivyo, angalau kinaweza kurudi kikisukumwa. Chenye kufuli kikifunguka mpaka mwisho, hujifunga kikiwa wazi na kubaki hivyo mpaka mkono wa mtu ukikute. Kwa hiyo kile kikubwa unachokatia kamba, unachokiona kuwa salama kuliko vyote, ndicho kinachohitaji kazi zaidi.

Anza kwa kukisafisha. Kisu cha mashua kina chumvi ndani ya bawaba hata kama kinang'aa kwa nje, na chumvi ikifungiwa siku mbili ndani ya boksi itakiletea kutu kabla hujafika. Kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikaushe kikiwa wazi, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, lifute lililozidi, kisha kaza skrubu. Kifunge, halafu kizungushie ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ule ule tunaofungia mizigo, mizunguko miwili au mitatu ya kubana, ukipita juu ya mahali ambapo makali huchomokea. Mpira ni bora kuliko selotepu kwa kazi hii, kwa sababu selotepu huachia kwenye joto na huacha gundi kwenye mpini.

Baada ya hapo kata kipande cha boksi gumu, lile lenye mawimbi ndani, upana wake mara mbili ya kisu na urefu unaozidi ncha zote mbili kwa vidole viwili. Likunje liwe mfuko, kisu kiingie katikati, na sasa ndipo utumie selotepu pana kufunga pande zote. Gazeti peke yake halitoshi, wala leso au kikoi, kwani ncha hupenya kitambaa bila upinzani wowote. Na mfuko wa plastiki, mbali na kwamba aina tuliyoizoea madukani ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017, huhifadhi unyevu na hauzuii chochote. Mifuko yako mitatu ya boksi itie ndani ya kopo moja la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la aina ya kubebea chakula, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kisu kimoja kidogo hutosha kabisa ndani ya kibweta kigumu cha miwani. Juu ya kopo andika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba ndani kuna visu vya kukunja vilivyofungwa. Wapo wanaoogopa kuandika hivyo kwa kudhani wanajitafutia maswali. Maandishi hayo ni kwa ajili ya yule aliyekwisha kulifungua begi na ambaye kopo liko mkononi mwake. Anasoma, anaelewa, analirudisha.

Kopo likae katikati ya begi, lizungukwe na nguo pande zote sita, lisiguse ubavu wala kifuniko. Mifuko ya nje ya begi usiitumie kamwe kwa vitu vya makali: ndiyo inayofunguliwa kwanza na wadokozi, na kati ya ncha na kiganja cha mpagazi hubaki kitambaa kimoja tu. Angalizo hili lina uzito zaidi kwa wanaoruka kwa ndege ndogo, kwa mfano kutoka Ukunda kwenda mbugani, ambako abiria hutakiwa kuwa na mabegi laini yanayoweza kubanwa ndani ya nafasi finyu iliyo chini ya sakafu ya ndege.

Mbuzi ya mama ina hatari yake ya pekee, nami nimefurahi umeitaja, kwa sababu watu huipakia bila kuifikiria kwa kuwa ni chombo cha jikoni. Ulimi wake wa chuma una meno yanayotazama nje, na mbao zake haziufuniki hata ikikunjwa. Usiufunge kwa tambara tu. Meno hushika nyuzi na kuzichana njia nzima. Chukua kopo dogo la bati au la plastiki ngumu linaloutosha ulimi, lijaze karatasi zilizokunjwakunjwa, ingiza ulimi ndani mpaka shingoni, kisha lifunge kopo lenyewe kwenye mti wa mbuzi kwa mpira na selotepu ili lisichomoke. Halafu ikunje, izungushie kamba miguu, na uilaze chini kabisa ya begi, upande wa magurudumu, ambapo uzito wake hautakandamiza kitu kingine. Ukiweza kumwomba fundi aung'oe ulimi na kuufunga peke yake, ni bora zaidi.

Koleo yako yenye tochi inanipeleka kwenye jambo ambalo si la makali lakini huharibu safari za watu wengi. Kama tochi hiyo ina betri ya lithiamu inayotoka, itoe, zifunike ncha zake kwa selotepu, uibebe kwenye begi la mkononi. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa, kwa sababu zikishika moto tumboni mwa ndege hakuna mtu wa kuzizima. Kiberiti cha gesi nacho hakiingii kwenye begi lolote. Kile cha kawaida huruhusiwa kimoja tu, mwilini mwa abiria, na vile vya moto mkali wa buluu havikubaliwi mahali popote. Kopo la dawa ya kupulizia ya kuzuia kutu liache nyumbani. Tone la mafuta ulilokwisha kukitilia kisu linatosha.

Sasa tiketi zako, na hapa nataka usome pole pole. Tiketi nyingi za bei nafuu za Mombasa hadi Nairobi hutoa nafasi ya begi la mkononi tu. Ukiwa na visu, tiketi ya namna hiyo haikufai mpaka ulipie mzigo wa kukabidhi, na ni rahisi zaidi kuulipia mapema kuliko siku ya safari kwenye kaunta. Vilevile, kwa kuwa umenunua tiketi mbili tofauti, usitegemee kwamba begi litapelekwa lenyewe hadi London. Utalipokea Nairobi, utatoka nalo, utahamia jengo la safari za nje na kulipitisha tena kwenye mashine ya mlangoni kabla ya kulikabidhi upya. Katika safari yako yote hapo ndipo mahali pa hatari, kwa kuwa mtu aliyechoka hushawishika kulifungua begi pembeni, kuhamisha vitu ili kupunguza uzito, na bila kujua akatia kopo la visu kwenye begi la mkononi. Kama lazima upunguze uzito, hamisha nguo. Na usidhani kwamba utalikwepa suala hili kwa kupanda treni kutoka Miritini: mizigo hukaguliwa pale stesheni kwa mashine na kwa mbwa, na kwa kuwa begi lako unakaa nalo ndani ya behewa, hakuna tumbo la kukiwekea kisu mbali nawe.

Ukifika Uingereza, swali linabadilika kutoka sheria ya ndege kuwa sheria ya barabarani, nayo ni kali kuliko watu wengi wa huku wanavyodhani. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988 kinamruhusu mtu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na ambacho hakina kufuli. Kisu chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo hata kama makali yake ni mafupi, na kisu kilicho ndani ya koleo ya kukunja kikiwa kinajifunga kinahesabiwa vivyo hivyo. Anayekutwa nacho bila sababu ya msingi anaweza kufungwa hadi miaka 4. Kutumia kisu kazini huweza kuwa sababu ya msingi kwa fundi anayekwenda kazini, lakini wewe utakuwa mgeni unayetembea mjini na dada yako, na kusema kwamba umekisahau mfukoni si utetezi wa kutegemea. Kopo libaki limefungwa ndani ya begi kutoka uwanjani hadi nyumbani Manchester, na baada ya hapo visu viwili vikubwa visitoke mlangoni. Nakushauri kwa dhati ujiulize kama unavihitaji huko. Kama hutengenezi mashua Manchester, kile kidogo chenye mkasi kinatosha, na hivyo viwili vibaki Mtwapa.

Kwa wasomaji wengine wenye visu vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe, au vile vya mpini wa pande mbili vinavyochezeshwa mkononi: Uingereza vimekatazwa hata kuviweka nyumbani tangu Julai 2021, basi msivipakie kabisa. Ujerumani nako kisu kinachojifunga na kufunguliwa kwa mkono mmoja hakibebwi hadharani bila sababu inayokubalika. Na aliye na kisu au jambia la urithi, aangalie kwanza mpini. Pembe ya ndovu, pembe ya kifaru na gamba la ng'amba ni kosa kubwa kuvisafirisha bila kibali, hata kama babu alivipata enzi ambazo hakuna aliyeuliza, na vitu vya kale navyo vinalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Jambo hilo halimalizwi kwa maandishi; kichukue kitu chenyewe ukaulize ofisi za Makavazi ya Taifa pale Fort Jesus kabla ya kununua tiketi.

Usiku wa kuamkia safari, geuza mifuko yote ya suruali utakayovaa, kagua bimba la funguo, na lile begi la mgongoni unalokwenda nalo kazini limwage lote kitandani. Visu vingi vinavyochukuliwa kwenye ukaguzi havikupakiwa kwa makusudi. Vilikuwamo tangu wiki iliyopita. Ikitokea kimoja kikagunduliwa kwenye ukaguzi wa mwisho, uliza kwa upole kama unaweza kurudi kukikabidhi, mradi kaunta haijafungwa, au kumpa aliyekusindikiza. Ndiyo sababu naomba wanaokusindikiza wasiondoke na gari mara tu unapoingia ndani. Wasubiri nje mpaka uwapigie simu kwamba umeshapita. Njia hizo mbili zikishindikana, kiache. Usimwombe abiria mwingine akubebee, na wewe pia usikubali kubeba kifurushi cha mtu ambacho hukukifunga kwa mikono yako.

Wiki moja kabla ya kuondoka, piga simu au fika ofisini kwa kila shirika kati ya hayo mawili, uwaeleze ulicho nacho, na uandike jina la aliyekujibu na alichokwambia, maana shirika lina haki ya kukataa hata kitu ambacho sheria inakiruhusu. Kopo, mipira na maboksi yale usivitupe ukifika. Utavihitaji wakati wa kurudi, na hata hiyo safari ya Nairobi hadi Mombasa usisahau kuilipia mzigo wa kukabidhi.